Wiki Baada ya Mamajusi

Milima ya Alpi ina bei mbili, na kinachozitenganisha ni kalenda. Tangu Krismasi hadi Mwaka Mpya vitanda vya Tirol hujaa, na chumba ambacho wiki mbili kabla kilikuwa kikipangishwa kwa bei ya kawaida huwa hakishikiki. Februari bei hupanda tena, kwa kuwa shule za Uholanzi, Uingereza, Bavaria na Austria yenyewe hufunga mwezi huo. Austria imeigawa likizo hiyo kwa mikoa yake katika wiki tatu tofauti ili barabara na nyumba za wageni zisizidiwe. Katikati ya misimu hiyo pana wiki chache tulivu za Januari, zinazoanza sikukuu ya Epifania ikishapita. Theluji ipo, baridi ni kali kweli, foleni za lifti ni fupi, na mwenye nyumba ukimwandikia anajibu siku hiyo hiyo.

Hizo ndizo siku tulizozichagua. Dada yangu ni muuguzi Munich, na binti yake wa miaka mitano alikuwa hajaanza shule ya msingi. Ujerumani mtoto akishaandikishwa shule hatolewi darasani kwa ajili ya likizo, na mzazi anayemtoa anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo familia nyingi hazina budi kwenda bei ikiwa juu. Mimi nilikuwa nimetoka Marangu kuja kuwatembelea, mtu niliyekua nikiitazama theluji ya Kibo kule Kilimanjaro mawingu yakifunguka asubuhi, bila kuwahi kuigusa. Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu walioko Ujerumani, Austria na Uswisi. Wengi wao wanaishi saa chache tu kutoka milimani, wameishi hapo miaka na miaka, na hawajapanda hata mara moja kwa kuamini kwamba ile ni starehe ya watu wengine.

Innsbruck

Treni ikishaiacha Rosenheim huufuata mto Inn, na bonde huanza kubana. Kufstein, mji wa kwanza upande wa Austria, una ngome iliyokaa juu ya mwamba unaochomoza katikati ya nyumba. Kuanzia hapo milima husimama pande zote mbili bila kukatika. Kila kijiji kina kanisa lenye mnara mwembamba, na kila nyumba ya mkulima ina kuni zilizopangwa chini ya upenu, gogo juu ya gogo, hadi dirishani.

Innsbruck tulikuta juu ya milango maandishi mapya ya chaki: tarakimu za mwaka, na katikati yake herufi C, M na B. Huandikwa na watoto waliovaa kama Mamajusi, ambao siku za kuelekea Epifania hupita nyumba kwa nyumba wakiimba na kukusanya sadaka. Fedha hizo huenda kwenye miradi ya maendeleo Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Mji wenyewe uko mita 574 tu juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Moshi mjini. Lakini ukuta wa Nordkette uliosimama nyuma yake unapita mita 2,300, na unaonekana kana kwamba umeegemea mapaa. Watalii huenda kwanza kuliona Paa la Dhahabu, roshani iliyojengwa kwa ajili ya Kaisari Maximilian wa Kwanza, yenye vigae 2,657 vya shaba iliyopakwa dhahabu. Ni zuri, ila mimi nilivutwa zaidi na habari za Olimpiki. Innsbruck imeandaa Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili. Mwaka 1964 theluji haikuanguka ya kutosha, wanajeshi wakaibeba kutoka juu milimani na kuishindilia kwenye miteremko. Michezo ya 1976 ilikuwa imepewa Denver, Marekani, lakini mwaka 1972 wapiga kura wa Colorado walikataa fedha za umma zitumike. Innsbruck ikaichukua kwa kuwa viwanja ilikuwa navyo tayari. Katika miji yote inayohusiana na theluji, huu ndio unaojua zaidi gharama ya kuanza kila kitu upya na nafuu ya kutumia kilichopo.

Nilikuwa pia na mtu wa kumkumbuka hapa. Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo, alizaliwa Innsbruck tarehe 6 Oktoba 1849. Siku aliyotimiza miaka 40 alikuwa amesimama na Mjerumani Hans Meyer juu ya kilele cha Kibo, Wazungu wa kwanza kufika pale. Sisi wa Marangu humtaja kwanza Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa kwetu tunayemkumbuka kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Miaka 41 kabla ya hapo mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, na wataalamu wa jiografia London wakambishia kwa miaka. Jambo ambalo bibi zetu walikuwa wakiliona kutoka migombani liliitwa uzushi kwa sababu halikuwa limepimwa. Nilisimama kwenye daraja la mto Inn nikiyawaza hayo huku vidole vikiniuma kwa baridi, na sikujiona mgeni kabisa.

Siku za mwanzo tulilala hapo hapo mjini. Januari vitanda vya Innsbruck ni nafuu kuliko vile vilivyo chini ya lifti za vijiji mashuhuri, na basi na tramu zinakufikisha kwenye miteremko kadhaa.

Mutters

Tramu ya bonde la Stubai hupanda polepole kupitia misonobari, na Mutters ni kimojawapo cha vijiji vya mwanzo. Mlima wake ni wa familia: watoto wengi, mababu wengi, na tiketi ya lifti yenye bei ya chini sana kuliko ile ya maeneo makubwa. Nashauri kila anayeanza aanzie mahali kama hapa. Anayejifunza hutumia mteremko mmoja mfupi siku nzima, na kumlipia kilomita mia tatu za njia za skii ni kutupa fedha.

Vifaa tulikodi: skii, fimbo, viatu na kofia ngumu. Suruali na makoti ya kuzuia maji dada aliazima kwa wauguzi wenzake, maana karibu kila nyumba ya Munich ina vazi la theluji lililokaa kabatini. Vitu vya kununua ni soksi ndefu za sufu, glavu zisizopitisha maji na miwani, kwa kuwa glavu zikilowa siku imekwisha. Katika kukodi, kitu cha kuchagua kwa makini ni kiatu. Kinatakiwa kikushike kisigino kisinyanyuke, na kwa mtu wa nchi ya joto kitaonekana kidogo mno. Kiatu kipana kinastarehesha dukani, kisha mlimani kinakuchubua na skii haikutii.

Mpwa wangu aliingia darasa la watoto. Huko hawafundishwi kwa maelezo marefu. Mwalimu anapaza sauti “Pizza!”, nao wanazikutanisha ncha za skii mbele ili wapunguze mwendo; akisema “Pommes!”, yaani chipsi, wanaziweka sambamba na kuachia. Mtoto aliyekuwa akilia asubuhi, alasiri alikuwa akiteremka mwenyewe mikono kaitanua, akiniita, “Mjomba, nitazame!” Dada alikuwa na hofu yake, kwamba binti atakuwa mweusi peke yake mlimani na watu watamkodolea macho. Alikuwa peke yake kweli siku ile. Nikamweleza habari za Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi mwaka 1998, akakulia Austria tangu udogoni, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya katika mashindano ya skii ya Olimpiki ya Pyeongchang. Jioni binti alitaka kuonyeshwa Kilifi kwenye ramani, kisha akataka kujua kama Kilifi kuna mlima.

Kibanda cha juu kilikuwa kinauza supu yenye donge la mkate na jibini lililobanwa na kukaangwa, Kaspressknödel. Hiyo ndiyo ngao ya mtu mwenye bajeti ndogo: bakuli moja la moto, mkate uliotoka nao nyumbani, na unarudi kwenye baridi umeshiba. Shemeji yangu ni mtu wa Pangani na nguruwe hali, na Tirol nyama hiyo iliyokaushwa kwa moshi huingizwa mahali usipoitegemea: kwenye viazi vya kukaanga, kwenye madonge, hata kwenye saladi. Alizoea kuuliza kabla ya kuagiza, na hata hiyo supu aliulizia mchuzi wake. Mara nyingi alichukua tambi fupi za jibini zilizofunikwa vitunguu vya kukaanga, na baadaye Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai inayochanwachanwa na kuliwa na rojo la plamu zilizopikwa.

Pettneu

Kutoka Innsbruck reli huelekea magharibi, ikapita Landeck na kuingia bonde la Stanzertal. St. Anton iko mwisho wa bonde upande huu. Sisi tulishuka kabla, tukapanga vyumba viwili vyenye jiko Pettneu, kijiji kilicho mita 1,228 juu ya bahari. Nyumba imeungana na zizi, na asubuhi harufu ya majani makavu na ng'ombe hupanda ngazi pamoja na harufu ya kahawa. Mama mwenye nyumba alituonyesha mahali pa kukaushia viatu, akatuambia tununue mahitaji yetu Jumamosi kwa sababu Jumapili maduka mengi hufungwa. Anayelisahau hilo hula mgahawani siku nzima, na mgahawa wa kijiji cha skii unakula fungu la siku mbili.

Hapo mezani ndipo shemeji alipolifungua daftari lake, na nililipenda alivyolipanga. Alikuwa ameanza na vitu visivyotangazwa: kodi ya mgeni inayotozwa kwa kila usiku, ada ya usafi wa nyumba, na bima. Bima ndiyo aliyoisisitiza. Ukivunjika mguu kwenye mteremko Austria, gharama za kuokolewa ni zako, na helikopta ni maelfu ya euro. Wao walikuwa wamejiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima kilichoanzishwa mwaka 1862, ambacho ada yake ya mwaka ina bima ya kuokolewa ndani yake. Baada ya hayo ndipo aliandika malazi, kisha tiketi za lifti, kisha kukodi, kisha mafunzo. Chakula kilikuwa cha mwisho, maana mwenye jiko lake anakiendesha atakavyo. Tulipika maharage na wali theluji ikianguka dirishani.

Tiketi ya eneo zima la skii la Arlberg kwa mtu mzima inapita euro 70 kwa siku moja. Kwa hiyo tuligawana. Shemeji alichukua siku chache, zile ambazo utabiri wa hewa ulionyesha jua. Mimi nilinunua tiketi ya nusu siku, inayoanza adhuhuri. Dada hakununua. Alitembea kwenye njia zilizosafishwa kwa waenda kwa miguu kando ya mto Rosanna, na mchana akamvuta binti kwenye sleji ya mbao iliyokodiwa kwa euro chache. Sikuona kwamba furaha yake ilipungua kuliko yetu. Wenyeji nao hufanya hivyo. Sleji ni mchezo wao wa jioni tangu zamani, kabla skii haijafika.

St. Anton

Basi linalotoka Pettneu kwenda St. Anton halikututoza nauli tuliokuwa na tiketi ya lifti. Kijiji kiko mita 1,304, na gari la kebo la Galzig hupanda kutoka katikati yake hadi kupita mita 2,000. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1937. Juu ya Galzig nilitoka nje, upepo ukanipiga, na nikaona Alpi kwa mara ya kwanza kutoka ndani yake: kilele nyuma ya kilele, hadi Valluga wenye mita 2,811, na katikati hakuna rangi ila nyeupe, buluu na weusi wa miamba. Njia za skii zina rangi zake: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa mabingwa. Hata hivyo buluu ya Arlberg si ile ya Mutters. Hapa ni ya mwinuko zaidi, na saa tisa alasiri hujaa watu waliochoka wanaoteremka pamoja. Kanuni ni moja nayo haina mjadala: aliye juu ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye chini yake.

Walimu wa skii wa hapa hufuata utaratibu uliotoka kwa Hannes Schneider. Alifika St. Anton mwaka 1907, kijana wa miaka 17 aliyeajiriwa na mwenye hoteli kufundisha wageni. Baadaye alianzisha shule iliyowapanga wanafunzi katika makundi kwa kadiri ya uwezo wao, kila kundi na mwalimu wake, kila mmoja akipanda daraja anapoweza. Mpaka leo darasa la kundi ndiyo njia nafuu ya kujifunza, kwani ujira wa mwalimu mmoja wanagawana watu wengi. Machi 1938, Wanazi walipoichukua Austria, Schneider alikamatwa. Mwaka uliofuata aliondoka na kwenda North Conway, New Hampshire, akawafundisha Wamarekani hadi alipofariki mwaka 1955.

St. Christoph

Juu ya njia inayovuka Arlberg, mita zipatazo 1,800, hakuna kijiji cha kuonekana. Kuna kanisa, hoteli na upepo. Mwaka 1386 mtu aitwaye Heinrich Findelkind, aliyeokotwa akiwa mtoto mchanga na kulelewa kwa kuchunga nguruwe, alijenga hapa nyumba ya kuwahifadhi wasafiri waliokuwa wakifia kwenye theluji. Alianza na akiba ya mshahara wake wa uchungaji, kisha akazunguka akiomba michango. Undugu wa St. Christoph aliouasisi ungalipo na unasaidia wahitaji. Ni hapa pia, Januari 1901, kikundi cha marafiki waliopanda kwa skii kutoka St. Anton walipoanzisha klabu ya Arlberg.

Mama mwenye nyumba Pettneu ndiye aliyenieleza upande mwingine wa njia hii, dada akitafsiri. Mabonde haya yalikuwa maskini. Shamba lilikuwa dogo, watoto wengi. Kwa karne kadhaa, kila mwaka Machi theluji ikiwa bado nzito, familia ziliwatoa watoto wao, wengine wa miaka sita au saba, wakavushwa Arlberg kwa miguu, mara nyingi wakiongozwa na padri, kwenda Swabia kusini mwa Ujerumani. Huko walisimamishwa sokoni, kama pale Ravensburg, na wakulima wakawachagua kuchunga mifugo hadi Novemba. Ujira ulikuwa chakula, nguo na fedha kidogo. Wajerumani huwaita watoto wa Swabia, na desturi hiyo ilikoma mwanzoni mwa karne ya 20. Nilimtazama mpwa wangu akijiviringisha kwenye theluji ya njia ile ile, kavaa koti la kuazima, na nikashindwa kusema neno kwa muda.

Tangu hapo bei za Arlberg siziangalii kwa hasira. Reli ilipopita chini ya mlima mwaka 1884, katika handaki lenye urefu unaozidi kilomita 10, waliokuwa wakiishi kwa kuvusha mizigo juu walipoteza kazi. Theluji, iliyokuwa imewafukuza watoto wao, ndiyo iliyokuja kuwa mavuno yao. Ninaloona kuwa haki ni mgeni kujua analipia nini, alipie anachokihitaji na akiache kisichomfaa.

Stuben

Upande wa pili wa Arlberg ni mkoa wa Vorarlberg, na Stuben, mita 1,407, ni nyumba chache zilizolizunguka kanisa. Hannes Schneider alizaliwa hapa mwaka 1890. Mlima wake, Albona, unatazama kaskazini, kwa hiyo theluji hukaa unga muda mrefu hata inapoyeyuka kwingine. Jambo hilo linahusu mfuko moja kwa moja. Majira ya baridi yanazidi kuwa mafupi, na vijiji vya chini hutegemea mashine za kutengeneza theluji. Kabla ya kulipa amana ya chumba, tazama lifti zinafika mita ngapi na mteremko unaelekea wapi; kijiji cha mita 800 kinaweza kukuuzia nyasi kwa bei ya theluji. Nayasema haya nikitoka mahali ambapo barafu ya Kibo ilipungua kwa asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2011. Mzee aliyekaa nami kwenye kiti cha lifti aliponiuliza kwetu ni wapi, nikamwambia, aliuliza swali moja tu: “Imebaki kiasi gani?” Tulizungumza hadi juu, Kijerumani changu kibovu kikitutosha.

Bregenz

Hatukurudi Munich kwa njia tuliyojia. Kutoka Langen, mdomo wa magharibi wa handaki, treni huteremka bonde la Klostertal hadi Bludenz, kisha Feldkirch, kisha Bregenz kwenye ziwa Constance. Ndiyo njia waliyoishika watoto wa Swabia kabla ya kuvuka maji. Theluji iliisha taratibu, mashamba yakatokea, na Bregenz tulikuta mvua.

Tulingoja kwenye benchi la stesheni tukila mkate wa mwisho na jibini la Vorarlberg. Shemeji alijumlisha. Malazi yalikuwa yamechukua sehemu kubwa, tiketi za lifti zikafuata kwa karibu, na chakula kilikuwa chini ya alivyokisia. Bima haikuguswa. Dada alilichukua daftari, akafungua ukurasa mpya na kuandika majina ya wauguzi wenzake wawili, mmoja wa Kisumu na mmoja wa Bukavu, wenye watoto ambao hawajaanza shule. Nyumba ya Pettneu ina vyumba vinne, alisema. Wakigawana watatu, na wakiandika barua kabla ya Septemba, kila familia italipa chini ya tulivyolipa sisi. Wa Kisumu anaogopa baridi. Atampigia kesho.